Jason Isbell na Foxes in the Snow: nyimbo za mapenzi zinapobadilika maana

Tarehe 7 Machi 2025 mwimbaji na mtunzi wa Marekani, Jason Isbell, alitoa albamu yenye nyimbo 11 iitwayo Foxes in the Snow, yaani mbweha kwenye theluji. Ndani yake hamna ngoma, hamna besi, hamna kinanda wala waitikiaji. Kuna mtu mmoja na gitaa moja kavu. Mwaka mmoja na kitu kabla ya hapo zilikuwa zimetoka habari kwamba amefungua shauri la talaka dhidi ya mkewe, Amanda Shires, ambaye naye ni mwimbaji na mpiga fidla mwenye jina lake mwenyewe.

Nyimbo za kuachana si jambo geni, na kila lugha inazo. Tumeamua kuiandikia makala albamu hii kwa sababu nyingine. Kwa miaka kumi Isbell alijulikana kama mtu aliyeimba ndoa yake. Kuna maharusi waliocheza dansi yao ya kwanza kwa nyimbo alizomtungia mkewe. Sasa ndoa imekwisha, nyimbo zipo, na watu bado wanazitaka. Mwenyewe afanye nini nazo? Swali hilo limo katikati ya albamu hii, na halina jibu rahisi.

Muziki wenyewe

Msikilizaji aliyezoea Jim Reeves, Don Williams au Dolly Parton, ambao Kenya wana mashabiki wa miaka mingi, hatajiona mgeni hapa. Americana ni jina la jumla linalokusanya kantri ya zamani, nyimbo za kiasili za vijijini na milimani, bluzi, injili na roki. Ala zake ni gitaa, fidla, mandolini na banjo, ambayo asili yake ni Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani. Chama cha muziki huo kilianzishwa mwaka 1999, na tuzo ya Grammy ya albamu bora ya Americana ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2010, ikaenda kwa Levon Helm.

Tofauti kubwa na kantri ya kibiashara ni uhusiano wa mwimbaji na maneno yake. Kule Nashville wimbo unaovuma aghalabu hutungwa na watu watatu au wanne, kisha ukatafutiwa mwimbaji. Katika Americana msikilizaji anategemea kwamba anayeimba ndiye aliyetunga, na zaidi ya hapo, kwamba anayoyaimba yamempata. Si lazima iwe hivyo, na watunzi wengi hulalamika kwamba watu huchukua kila hadithi kuwa ushahidi wa mahakamani. Lakini kwa upande wa Isbell, yeye mwenyewe ndiye aliyefungua mlango.

Mtu aliyeimba ndoa yake

Isbell alizaliwa mwaka 1979 kaskazini mwa jimbo la Alabama, jirani na Muscle Shoals. Huo ni mji mdogo, lakini studio zake zina sifa kubwa: Aretha Franklin alifika kurekodi hapo mwaka 1967 na maisha yake ya muziki yakageuka. Isbell alipokuwa kijana alianza kwa mkataba wa kutunga nyimbo katika kampuni ya FAME ya mji huo. Mwaka 2001 alijiunga na bendi ya Drive-By Truckers. Alitoka mwaka 2007, pombe ikiwa imemshika na ndoa yake ya kwanza, aliyofunga na mpiga besi wa bendi hiyo, ikiwa imevunjika. Bendi aliyoiunda baadaye aliiita The 400 Unit, jina la wodi ya wagonjwa wa akili katika hospitali moja ya mji wa Florence, Alabama. Ni mzaha ambao watu wa kwao waliuelewa mara moja.

Mwezi Februari 2012 Shires, wakati huo akiwa mpenzi wake, alishirikiana na marafiki kumkalisha chini na kumpeleka kwenye kituo cha kutibu ulevi. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2013, wakafunga ndoa. Juni ya mwaka huohuo ikatoka albamu ya Southeastern, chini ya mtayarishaji Dave Cobb, na ndiyo iliyomfanya Isbell awe Isbell tunayemjua.

Wimbo wa kwanza wa albamu hiyo, Cover Me Up, aliutunga kwa ajili ya Shires. Ni wimbo wa mtu aliyetoka gizani, bado anatetemeka, anayemwomba mwanamke wake amfunike na wasitoke nyumbani kwa muda. Mambo mawili yamefungwa fundo moja humo: mapenzi na kuacha pombe. Aliyewahi kuona Isbell akiuimba jukwaani anajua kinachotokea anapofika mahali anaposema kwamba safari hii ameacha kabisa. Umati hulipuka. Wapo wanaomshangilia yeye, na wapo wanaojishangilia wenyewe au kumshangilia ndugu yao aliyeacha pombe.

Wimbo huo ukawa mkubwa kuliko mwenyewe. Morgan Wallen, nyota wa kantri ya kibiashara, aliuimba upya na kuuingiza kwenye albamu yake ya mwaka 2021. Wiki chache baada ya albamu hiyo kutoka, Wallen alinaswa kwenye video akitamka neno la kibaguzi dhidi ya watu weusi. Isbell akatangaza kwamba fedha zake zote zitokanazo na albamu hiyo zitakwenda kwa tawi la Nashville la NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi. Tunaligusia hili kwa sababu linaonyesha kwamba hata kabla ya talaka Isbell alikuwa ameshaonja hali ya wimbo wake wa mapenzi kwenda mahali asipopapenda, naye asiweze kuurudisha nyumbani.

Mwaka 2017 akatoa If We Were Vampires, akiuimba pamoja na Shires. Wazo lake ni la kikatili kidogo: mapenzi yana thamani kwa sababu tutakufa, na katika kila wapendanao wawili kuna mmoja atakayebaki peke yake. Wimbo ulipata Grammy mwaka 2018. Sauti zao wawili zimekaa karibu mno hivi kwamba huwezi kuusikiliza bila kuwaona wote wawili. Siku hizi ndipo penye maumivu. Wimbo uliwaza kila njia ya kutengana, isipokuwa ile iliyowapata. Uliwaza kifo tu.

Dalili zilikuwepo hadharani. Mwaka 2023 kituo cha HBO kilionyesha filamu ya hali halisi, Running With Our Eyes Closed, iliyofuatilia kurekodiwa kwa albamu ya Reunions ya mwaka 2020. Watazamaji waliona mume na mke wakivutana studioni mbele ya kamera, na wakiisema ndoa yao kwa uwazi ambao wengi wetu tusingeuthubutu hata mbele ya shangazi. Mwisho wa mwaka huo Isbell alifungua shauri la talaka, na Februari 2024 habari zikaenea. Wana mtoto mmoja.

Siku tano na gitaa dogo

Oktoba 2024 Isbell aliingia studio ya Electric Lady jijini New York, studio iliyojengwa na Jimi Hendrix na kufunguliwa mwaka 1970, majuma machache kabla Hendrix hajafariki. Alikaa siku tano tu. Alisaidiana katika utayarishaji na Gena Johnson, fundi mitambo ambaye walishafanya kazi pamoja. Chombo kilikuwa kimoja: gitaa la Martin aina ya 0-17 lililotengenezwa mwaka 1940.

Gitaa hili linastahili maneno mawili matatu. Ni dogo, na ni la mahogani mwili mzima, hata uso wake, wakati magitaa mengi kavu huwa na uso wa mbao nyepesi ya msonobari. Sauti yake kwa hiyo ni kavu na ya ndani, haina mng'ao wala mvumo mrefu. Ukikosea, kosa linasikika. Ukivuta pumzi, pumzi inasikika. Wimbo wa kwanza, Bury Me, unaanza na sauti ya mtu peke yake, gitaa bado halijaguswa. Msikilizaji aliyezoea The 400 Unit hungoja bendi iingie, na bendi haiingii, si kwenye wimbo huo wala kwenye mingine kumi.

Wahakiki wengine waliuona huu kuwa mtindo tu. Sisi tunaona zaidi ya hapo. Kwa miaka mingi fidla na sauti ya Shires vilikuwa sehemu ya muziki huu. Angeweza kuweka fidla nyingine mahali pake, au kuziba pengo kwa kinanda. Ameliacha wazi, na kila unaposikia kimya baada ya mstari unajua nani alikuwa akijaza hapo.

Na sisi watu wa Kiswahili tuna masikio ya kuusikia mtindo huu. Mwenda Jean Bosco wa Katanga aliimba kwa Kiswahili akiwa na gitaa kavu moja, kidole gumba kikishika besi na cha shahada kikitafuta sauti ya juu, na Masanga, aliyorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, bado inawatoa jasho wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani. Mwaka 1969 Bosco alialikwa kwenye tamasha la Newport nchini Marekani, jukwaa ambalo Isbell naye amelipanda mara kadhaa. Mtu mmoja, gitaa moja na habari ya kusimulia: mizani hiyo haijabadilika.

Anasema nini, na anakaa kimya wapi

Ukweli ni kwamba nyimbo zote 11 si za kilio. Ride to Robert's inatupeleka Nashville, kwenye klabu ya Robert's ya mtaa wa Broadway. Crimson and Clay ni ya Alabama, udongo mwekundu wa nyumbani na mambo ya nyumbani ambayo mtu hayaonei fahari. Don't Be Tough ni mlolongo wa mawaidha, mengine ya kuchekesha, yanayoishia mahali pazito: usijifanye huumii. Wimbo uliobeba jina la albamu ni wa mapenzi mapya, na Isbell hafichi kwamba yapo. Jambo hili liliwaudhi baadhi ya mashabiki, waliotaka ama majonzi matupu ama furaha tupu. Maisha hayangoji mtu amalize eda ya moyo ndipo yaendelee.

Uzito wa albamu uko kwenye nyimbo mbili. Ya kwanza ni Gravelweed. Jina hilo ni la gugu, mmea unaoota kwenye kokoto, mahali pasipopandwa kitu. Msimuliaji anajiona ndiye gugu hilo: alihitaji mtu wa kumlea, akampata, akalelewa, na siku ikafika akajiona amekua. Kisha anaomba radhi. Anaomba radhi kwa hilo la kukua, na pia kwa sababu nyimbo zake za mapenzi leo zina maana nyingine. Hatujui mtunzi mwingine wa rika lake aliyewahi kusimama na kuwaambia wasikilizaji jambo hilo waziwazi. Hasemi kwamba zile nyimbo zilikuwa uongo, wala hasemi bado ni kweli. Anasema zimebadilika, naye anasikitika.

Wazo la kulelewa linahitaji kuangaliwa kwa makini. Mwanamke anayemtoa mwanamume kwenye ulevi anafanya kazi, kazi ngumu, na mara nyingi mwanamume akipona humkumbuka mwanamke huyo kama muuguzi zaidi ya mke. Isbell analiona hili. Ndiyo maana wimbo unauma: anakiri kwamba deni lipo, na kwamba upendo uliotegemea ugonjwa haukujua la kufanya na afya.

Ya pili ni True Believer, na hapa sura inabadilika. Msimuliaji amekasirika. Analalamika kwamba marafiki wa mwanamke wanaeneza kuwa yeye ndiye aliyemvunja moyo, na anataja barua iliyo kando ya kitanda ambayo hadhani kama ataisoma. Ni wimbo mzuri wa muziki, pengine ulio bora kuliko yote kwa sauti. Kwa haki, hatuna uhakika. Mtu mwenye maelfu ya wasikilizaji anamjibu mtu kwa maneno ambayo huyo mwingine hakuyasema hadharani. Barua isiyosomwa ni hoja ya upande mmoja iliyofungwa ndani ya bahasha.

Mtunzi wa taarabu angelipitisha jambo kama hili kwa fumbo, na anayehusika angejijua kwa kumwona mwenzake akienda kutunza. Isbell hatumii fumbo, ila hataji jina. Katika Eileen anazungumza na mwanamke mwenye jina ambalo si la mkewe. Lakini jina lina kazi gani wakati dunia nzima inajua nyumba inayozungumzwa? Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema wahenga. Sisi wasikilizaji tunaona mtungi kwa nje tu, na tunasahau hilo haraka sana.

Upande wa pili

Katika kazi yetu ya redio kuna kanuni ya kwanza kabisa: ukimtuhumu mtu, mpe nafasi ajibu. Wimbo haufungwi na kanuni hiyo. Ila safari hii jibu lilikuja. Tarehe 26 Septemba 2025 Amanda Shires alitoa albamu yake, Nobody's Girl, kwa kampuni ya ATO, chini ya mtayarishaji Lawrence Rothman.

Ni vema kukumbuka kwamba Shires hakuanza kujulikana kama mke wa mtu. Ni Mteksasi aliyekuwa akipiga fidla na Texas Playboys tangu ujana wake, na mwaka 2019 aliunda The Highwomen pamoja na Brandi Carlile, Maren Morris na Natalie Hemby. Albamu yake si kioo cha ile ya mumewe wa zamani. Ina nyuzi, ina piano, ina sauti nyingi zaidi, na sehemu kubwa ya maneno yake haihusu mabishano bali siku zinazofuata: usingizi usiokuja, mtu kujifunza upya kuishi. Kwenye The Details ndipo anajibu ana kwa ana. Lawama yake kubwa hapo haihusu mapenzi. Inahusu ndoa kugeuzwa kitega uchumi. Ukiisikia hiyo baada ya Gravelweed unaelewa kwamba wote wawili wanabishania nyimbo zilezile za zamani. Yeye aliyezitunga anasikitika kwamba zimebadilika maana. Yeye aliyetungiwa anauliza ni nani aliyelipwa.

Marekani imewahi kuyaona haya. Mwaka 1974 Willie Nelson alitoa Phases and Stages, iliyorekodiwa hukohuko Muscle Shoals, albamu nzima ya talaka moja: upande wa kwanza wa santuri anasimulia mke, upande wa pili mume. Wazo zuri, lakini wote wawili walitoka kinywani mwa Nelson. Rosanne Cash, binti wa Johnny Cash, alitoa Interiors mwaka 1990 wakati ndoa yake na Rodney Crowell ikielekea ukingoni. Mwaka 1992, wa talaka yao, Crowell akatoa Life Is Messy. Wale wawili waliendelea kuheshimiana na hata kushirikiana kimuziki, jambo ambalo hakuna aliyelitabiri kwa kusikiliza nyimbo za wakati ule.

Isbell mwenyewe hakuzizika nyimbo zake za zamani. Katika maonyesho aliyoyafanya peke yake baada ya talaka, Cover Me Up ilikuwa bado ikiimbwa, na kelele pale kwenye maneno ya kuacha pombe bado zilikuwa zilezile. Hilo fundo la mambo mawili tulilolitaja limefunguka: mapenzi yametoka, kuacha pombe kumebaki, na huenda hilo la pili ndilo lililokuwa la wasikilizaji tangu mwanzo. If We Were Vampires ni ngumu zaidi. Wimbo wa watu wawili ukiimbwa na mmoja haujifichi.

Cha kushangaza, Foxes in the Snow inafungwa na Wind Behind the Rain, wimbo mtulivu wa kuahidi mapenzi ya muda mrefu, wa aina ambayo maharusi watautaka. Amerudia tena kazi ileile iliyomponza.

Kwa anayetaka kuanza, tunapendekeza asianze na albamu nzima. Sikiliza If We Were Vampires, kisha Gravelweed, kisha The Details ya Shires, kwa mfuatano huo na bila kuruka. Halafu rudi kwenye Bury Me, pale sauti inapoingia bila gitaa.